Maswali Yenu: Mkali Wakati wa Giza, Mpole Wakati wa Mbalamwezi

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Mume wangu anavua dagaa hapa Kibirizi. Siku za giza anakuwa mkali hadi watoto wanatembea kwa kunyata; kikombe kikidondoka tu, nyumba haikaliki. Mbalamwezi ikiingia anashinda siku mbili tatu kama mgonjwa, kisha anarudi kuwa baba watoto ninayemjua. Jirani mmoja anasema kuna mkono wa mtu, mwingine anasema ni mwezi. Nimsikilize nani? – Mama wa watatu, Kibirizi, Kigoma

JIBU: Mama, huyo wa mkono wa mtu mwache. Mwezi una kesi ya kujibu, ila haumgusi mumeo kichwani. Unamgusa kwenye ratiba. Dagaa hufuata taa vizuri usiku ukiwa mweusi, kwa hiyo giza likishika anaingia ziwani kila jioni na kurudi mwaloni asubuhi; mbalamwezi ikiingia anapumzika.

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya fahamu ya macho inapopishana, kuna kifundo cha chembe kama 20,000. Hicho ndicho saa ya mwili, na kinachoirekebisha kila siku ni mwanga unaoingia machoni. Kukiwa giza, saa hiyo huiachia tezi ndogo katikati ya ubongo imwage melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia. Kukikaribia kucha hupandisha kotisoli, inayouandaa mwili kuamka. Sasa mumeo anashuka mtumbwini jua limeshatoka, anakung'uta wavu, anabishana bei na wachuuzi saa nzima, na mwanga wote ule unauambia ubongo kumekucha. Akijilaza saa 3 asubuhi uchovu unamwangusha, lakini saa ya mwili inaendelea kupandisha joto kama ya mtu aliye kazini, na ikifika saa 7 mchana anakodoa macho. Amelala kwa muda wa saa nne. Kesho tena nne. Deni la usingizi halisahauliki, linajumlishwa.

Taa za uvuvi nazo zina lawama. Mwanga wa karabai ulielekea manjano. Taa hizi nyeupe za betri zina bluu nyingi, na bluu ndiyo inayozima melatonini kuliko rangi nyingine. Taa inayomdanganya dagaa inamdanganya na mvuvi.

Hasira inatokea hivi. Kuna kijisehemu ndani ya ubongo chenye umbo la lozi, kinaitwa amigdala, kazi yake kupiga kengele ya hatari. Anayeamua kengele hiyo ipuuzwe au ifuatwe ni ubongo wa mbele, nyuma ya paji la uso. Mtu mwenye deni la usingizi, kengele inalia kwa kikombe kilichodondoka na breki inachelewa kushika. Usingizi mchache pia hupandisha ghrelini, homoni ya njaa, basi anaamka mkali na ana njaa kwa pamoja. Mpe chakula kwanza, maneno baadaye.

La kufanya ni kumficha jua asubuhi. Akitoka mwaloni avae kofia yenye ukingo mpana na miwani ya jua hadi nyumbani, na kama ni bodaboda, aendeshe mtu mwingine. Ale kitu chepesi, uji au viazi, si sahani ya ugali iliyojaa, maana tumbo zito hupandisha kiungulia akilala. Kitandani awe kabla ya saa 3. Dirishani tundika blanketi la rangi nzito. Kanga moja haitoshi. Kipimo ni hiki: nyoosha mkono mbele yako chumbani, ukiweza kuhesabu vidole vyako, mwanga bado ni mwingi. Bati likishika moto mchana chumba kinakuwa tanuri, na mwili hauwezi kuzama usingizini bila kupoa kidogo, kwa hiyo ahamie upande wa nyumba wenye kivuli na upepo. Simu izimwe, watoto wacheze kwa jirani. Akiamka saa 7 asilazimishe. Ale, apumzike, kisha alale tena kama saa moja na nusu kuanzia saa 9 alasiri, aamke nusu saa kabla ya kuondoka ili ule uzito wa kichwa umtoke. Usingizi huu wa pili ndio wavuvi wengi wanaudharau, na ndio unaolipa sehemu kubwa ya deni.

Huko ziwani, saa 9 hadi 11 usiku ndipo joto la mwili linakuwa chini kabisa na umakini nao. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya makosa kama ya mtu aliyekunywa pombe hadi asilimia 0.05 katika damu. Wakati huo asisimame ukingoni peke yake, na jaketi la kuokolea maisha liwe mwilini, si chini ya wavu. Chai ya rangi au kahawa anywe mapema usiku. Baada ya saa 8 itamfuata hadi kitandani.

Zile siku mbili tatu za "ugonjwa" ni saa ya mwili inajirudisha, na huwa inasogea takriban saa moja kwa siku. Kuiharakisha, siku ya kwanza ya mapumziko alale asubuhi kwa muda wa saa mbili tu, atoke akae juani, alale usiku kama watu wengine. Asitumie gongo kama dawa ya usingizi: inamlaza haraka, halafu inaukatakata usingizi wa nusu ya pili ya usiku.

Mambo mawili ya mwisho, mama. Deni la usingizi linaeleza ukali, halihalalishi kipigo. Mkono ukiinuka, nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Na kama huzuni au ukali haumtoki hata mbalamwezi, kwa wiki mbili au zaidi, mpeleke hospitali.

SWALI: Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wanasinzia kipindi cha kwanza, saa 1:30. Wenzangu wanasema dawa ni fimbo. – Mwalimu, Mwanga, Kigoma

JIBU: Mwalimu, hapo kuna jiografia na kuna balehe. Tanzania nzima tunatumia saa moja, lakini Kigoma iko karibu nyuzi 10 magharibi ya Dar es Salaam, na kila nyuzi ni dakika 4 za jua. Miezi kama Februari na Julai jua la Kigoma linachomoza saa 1 imeshapita. Mtoto aliyeamshwa saa 11 alfajiri ameamka usiku hasa. Juu ya hapo, balehe huchelewesha melatonini kwa saa moja au mbili, kwa hiyo ukimwambia alale saa 3 usiku anageuka tu kitandani, naye anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi.

Fimbo inamwaga adrenalini, inamwamsha dakika chache, deni liko palepale, na kumbukumbu chini ya hofu hukwama. Hisabati isogezeni hadi kipindi cha tatu. Mstari wa asubuhi ufanyike nje kwenye mwanga, si ukumbini. Anayesinzia hadi saa 6 mchana, huyo apimwe malaria na wingi wa damu.

SWALI: Nakunywa vikombe vitatu vya kahawa chungu barazani baada ya isha. Nalala vizuri tu, ila saa 8 usiku macho makavu. – Mzee, Ujiji

JIBU: Shikamoo mzee. Kutwa nzima ubongo hukusanya adenosini, kemikali ya uchovu. Kafeini, ile kemikali ya kahawa inayoamsha, hukalia viti vya adenosini ubongoni ili uchovu usisikike, na nusu ya kafeini hiyo huchukua kama saa tano kutoka mwilini. Unalala kwa sababu umechoka, lakini usingizi unabaki wa juu juu. Kikombe cha mwisho kiwe kabla ya saa 10 alasiri. Punguza kimoja kila baada ya siku tatu. Ukiacha ghafla, kichwa kitauma kuanzia kesho yake. Kama kinachokuamsha ni mkojo, zaidi ya mara mbili kwa usiku, pima sukari na tezi dume. Kashata endelea nayo, sukari ikiwa sawa.