Re: Opinel isiyo na pete ni feki?

Mkuu, umeuliza kama Opinel, kile kisu cha kukunja cha Kifaransa, ya marehemu babu yako ni feki kwa sababu haina ile pete ya chuma shingoni. Usiitupe!

Joseph Opinel, mtoto wa mhunzi huko Savoie, milima ya Alps ya Ufaransa, alianza kutengeneza visu hivi mwaka 1890, na wakati huo havikuwa na pete kabisa. Kilichoshika ubapa ni msuguano wa mbao tu. Mbao ikilowa inavimba na kisu kinagoma kufunguka. Wenyeji hugonga kitako cha mpini mezani, ncha ya ubapa inachomoza. Jaribu, raha sana.

Pete iliingia 1955, kazi ya Marcel Opinel, mtoto wa Joseph, ili ubapa usikufungie vidole.

Ila angalia namba kwanza. Saizi zilipangwa 1 hadi 12 tangu 1897, na ndogo, namba 2 hadi 5, hata leo hazina pete. Kama ya babu ni namba 8, basi huenda ni ya kabla ya 1955. Tafuta pia mkono wenye taji kwenye ubapa, alama yao tangu 1909. Na tafadhali usikipige msasa kisu, utaifuta alama hiyo.