Chagua Ua kwa Barabara Yake, Si kwa Picha

Maswali mengi ya toleo hili yanahusu kumfikishia mtu maua mabichi Moshi na vijiji vya mlimani. Yaliyofanana tumeyaunganisha.

Mama yangu yuko Kibosho, mimi niko Dar es Salaam. Mwaka jana, Siku ya Mama, nilinunua mawaridi 20 nikayapakia kwenye basi la alfajiri. Yalifika jioni yamelala shingo, na petali zina madoa ya kahawia. Mwaka huu niyawekee barafu?
*Kitinda mimba, Dar es Salaam*

Barafu hapana, na basi la kutoka Dar pia hapana. Mawaridi ya Tanzania hulimwa kwa wingi Arumeru, upande wa Usa River na Tengeru, chini ya Mlima Meru. Kwa hiyo huenda yale uliyonunua yalikwishasafiri zaidi ya kilomita 550 kushuka pwani, nawe ukayapandisha tena njia ileile. Agiza kwa muuzaji wa Arusha au wa Moshi penyewe. Arusha hadi Moshi ni kilomita 80 hivi, kama saa mbili kwa kosta.

Barafu ikigusa petali huziunguza, na ikiyeyuka hulowesha boksi zima. Petali zilizolowa ndani ya boksi lililozibwa huota ukungu wa kijivu, na dalili yake ya kwanza ni madoa hayo ya kahawia uliyoyaona. Shingo zililala kwa kiu. Buti la basi nalo lina mambo mawili mabaya: joto, maana mabasi mengi injini iko nyuma, na majirani. Ndizi zinazoiva hutoa hewa iitwayo ethilini, ambayo pua haiisikii lakini ua linaisikia. Kaneshoni hujikunja kama limesinzia, lili hukataa kufungua matumba, waridi hupukutisha majani. Parachichi na maembe yanayoiva ni vilevile. Kwenye barabara ya Moshi, kumkwepa abiria mwenye mkungu ni kazi, basi maua yapakatwe na mtu, yasiende na mizigo.

Siku ya Mama ni Jumapili ya 2 ya Mei, masika bado yapo na njia za Kibosho zina utelezi. Panga ukianzia mwisho. Jumapili asubuhi mama yuko kanisani na shada litabaki kibarazani. Lenga Jumamosi kabla ya saa 6 mchana. Ili hilo liwezekane, maua yaingie dukani Ijumaa, yakatwe vikonyo na kulala usiku mzima ndani ya ndoo ya maji mahali penye ubaridi. Hatua hii ndiyo wauzaji wenye haraka huiruka. Ua lililokunywa usiku kucha huvumilia saa tatu au nne za safari. Ambalo halikunywa huanza safari likiwa tayari na deni. Oda yako, basi, iwe imefika kwa muuzaji Jumatatu au Jumanne, si Ijumaa jioni.

Mpigie simu umuulize: maua yameingia lini, yamelala kwenye maji au yamelala makavu, na shada lina vikonyo vingapi vya kila aina? “Shada kubwa” si kipimo. Akiwa dukani mtu wako, aminye waridi taratibu pale chini ya petali. Likiwa gumu kama kitunguu, ni bichi. Likibonyea, limekaa siku nyingi, hata kama kwa juu linapendeza. Petali za nje zenye makunyanzi au ukijani zisimtishe, hizo hulinda tumba na hubanduliwa wakati wa kufunga.

Kuhusu aina, tungepunguza mawaridi yawe 8, tukaongeza krisanthemamu 5 na alstromeria 5. Waridi likitunzwa hukaa siku tano hadi wiki, krisanthemamu hufika wiki mbili. Waridi likianguka, mama bado ana maua mezani.

Namna ya kufunga: vikonyo vikatwe upya sentimita 2 kwa kisu kikali, ncha zizungushiwe pamba au tishu nene iliyoloweshwa hadi inadondosha maji, juu yake mfuko wa nailoni, kisha mpira. Vichwa vizungushiwe gazeti kavu. Nailoni isifike vichwani. Hutoa jasho, na jasho ni ukungu. Shada lisimame ndani ya ndoo ndogo yenye maji ya sentimita 5, lishikiliwe pembeni kwa magazeti yaliyokunjwa. Kutoka stendi kwenda mlimani kwa bodaboda, abiria ashike ndoo mbele yake. Kulifunga shada kwenye keria ni kulipeleka kwenye upepo na moshi wa ekzosi, na dakika 30 za upepo hukausha petali kuliko saa mbili za kukaa ndani ya kosta.

Niko Ujerumani. Niliagiza tulipu kwenye tovuti zimfikie shangazi Moshi saa 10. Yalifika mawaridi, tena jioni. Nimeibiwa?
*Mpwa aliye mbali*

Inawezekana hukuibiwa. Tovuti nyingi za namna hiyo hazina duka Moshi. Hupokea pesa, hukata fungu lao, kisha humpigia muuzaji wa huku. Muuzaji hana tulipu. Kitunguu cha tulipu huhitaji wiki nyingi za baridi kali kabla ya kutoa ua, na baridi hiyo Moshi haipo. Amefanya alichoweza. Ukiagiza, taja rangi na idadi ya vikonyo, aina mwachie yeye: “vikonyo 20, rangi nyeupe na njano, yaliyo mabichi kuliko yote leo.” Utapata shada bora kwa pesa ileile, na bora zaidi ukimlipa muuzaji moja kwa moja kwa simu, nusu kabla na nusu baada ya kuona picha ya shada likiwa limeegemezwa kadi yenye maneno yako. Kadi hiyo ndiyo inayothibitisha kuwa picha si ya mwaka juzi.

Saa nazo zimekuponza. Uliandika 10:00 ukimaanisha asubuhi, mpelekaji akasoma saa kumi, yaani jioni. Andika “saa 4 asubuhi, saa za Tanzania”, maana Ujerumani iko nyuma yetu kwa saa 2 wakati wa majira yao ya baridi na saa 1 wakati wa kiangazi chao.

Anwani ya sanduku la posta haifikishi ua. Toa maelekezo ya mguu: mtaa, kanisa au msikiti ulio karibu, rangi ya geti, duka la kona. Kisha toa namba mbili za simu, ya shangazi na ya jirani. Ukitaka iwe ghafla, mpelekaji aanze na jirani. Ghafla isiyo na mtu wa ndani huishia kwa bodaboda kusimama njia panda Rau na shada juani, akipiga simu ambayo shangazi hapokei kwa sababu namba ni ngeni.

Mawaridi yanafika nyumbani mazuri, kesho yake shingo zimeinama. Nimeambiwa niweke aspirini, wengine sarafu. Kipi ni kweli?
*Mama Brayani, Pasua*

Sarafu irudishe mfukoni, na aspirini ibaki kwa kichwa kinachouma.

Ndani ya kikonyo mna mirija myembamba ya kupandisha maji. Kikonyo kikikaa nje ya maji, hewa huingia kwenye mirija na kuiziba. Majani yakibaki ndani ya maji huoza, bakteria huzaliana, nao huiziba mirija kwa ute wao. Kwa vyovyote, kichwa kinakosa maji, na sehemu laini kuliko zote ni ile shingo.

Dawa ni kukata sentimita 3 hadi 5 huku ncha ikiwa imezamishwa ndani ya beseni la maji, ili kinachoingia kwenye mirija kiwe maji, si hewa. Kisha fungia mawaridi pamoja ndani ya gazeti, shingo zikiwa zimenyooka, uyasimamishe kwenye maji ya vuguvugu yafike karibu na vichwa, kivulini, kwa saa mbili. Usiyafungue kabla, shingo ikinywa maji ikiwa imepinda itabaki imepinda. Mengi yatainuka. Yasiyoinuka huenda yalikatwa shambani yakiwa machanga mno, shingo haijakomaa, na hayo hayana matibabu.

Maji ya chombo, kwa lita 1: sukari kijiko 1 cha chai, maji ya limau vijiko 2 vya chai, jiki robo kijiko cha chai. Sukari ni chakula, limau hurahisisha maji kupanda, jiki huua bakteria. Sukari bila jiki ni kuwalisha bakteria wale wale. Limau na jiki visikutane bila maji kwenye kijiko au kikombe, hutoa hewa inayochoma kifua. Kila kimoja kiingie peke yake ndani ya lita nzima ya maji. Ukikosa vyote hivyo, soda nyeupe ya ndimu sehemu 1 kwa maji sehemu 3 inatosha, bado na tone la jiki. Badilisha kila siku ya pili, ukate tena sentimita 1. Na chombo kioshwe kwa sabuni, kwani ule utelezi wa ndani ndio ugonjwa wenyewe.

Lingine: Moshi iko chini kuliko Arusha na ina joto zaidi, Januari na Februari hasa. Usiku hamishia chombo sakafuni kwenye chumba chenye ubaridi. Kwenye friji yenye ndizi au maembe, usithubutu.

Nauza maua Arumeru. Gladiola zangu huungua ncha za petali, na gebera pia, lakini mawaridi ya ndoo hiyohiyo ni mazima. Maji ni ya kisima.
*Mfanyabiashara mdogo*

Shuku floridi. Ni madini yaleyale yanayofanya meno ya watu wengi kuzunguka Mlima Meru kuwa ya kahawia. Yanatoka kwenye miamba ya volkano. Gladiola na gebera ni dhaifu sana kwa floridi, hata miligramu 1 kwa lita inaweza kuunguza gladiola. Waridi huvumilia zaidi. Kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha, kwa kuwa maji hupungua na madini hubaki. Kinga maji ya mvua masika haya, pipa la lita 200 litakuhudumia gladiola na gebera peke yake, mawaridi yaendelee na kisima.

Maadamu umezitaja gladiola: zisafiri zimesimama. Ukizilaza kwenye boksi, ncha zitajipinda kutafuta juu, na mteja atapokea magongo yaliyopinda. Uza matumba mawili ya chini yakiwa yameanza kuonyesha rangi, mengine yatafunguka kuelekea juu kwa mteja. Gebera nazo ziwekee maji ya sentimita 5 hadi 8 tu. Kikonyo chake kina manyoya na huoza kikizama sana.

Dada yangu amelazwa. Nimpelekee maua?
*H.M., Majengo*

Uliza kwanza wodini. Vyumba vya wagonjwa mahututi na vya wenye kinga dhaifu kwa kawaida havipokei maua mabichi, sababu ni maji ya chombo. Wodi ikiruhusu, chukua shada dogo lisilo na harufu kali, pamoja na chombo chake kizito, kwa kuwa huko hutakuta chombo. Epuka lili. Ukishindwa kujizuia, ng'oa vifuko vya chavua vya katikati kabla havijapasuka. Chavua yake kwenye shuka nyeupe haitoki kwa maji.

Nimemkosea mzee wangu wa Machame kwa maneno. Shada la mawaridi meupe lenye kadi litafaa?
*Mkosaji*

Kwa mzee wa Kichaga, ua la msamaha linajulikana na haliuzwi dukani: isale. Ni majani tu, hayana petali wala utepe, na huota mipakani mwa vihamba, yaani mashamba ya ukoo. Lakini isale halitumwi kwa bodaboda. Linapelekwa na mtu, na mtu huyo akubaliwe na mzee. Muulize mjomba au baba mdogo nani anafaa kulishika. Mawaridi mpelekee mama wa nyumba hiyo, siku nyingine.

Sponji la kijani la kuchomekea maua ya msibani, ninaweza kulitumia mara ya pili?
*Fundi mashada, Kiboriloni*

Hapana. Matundu ya zamani hubaki na hewa, kikonyo kipya kikiingia humo hakifikii maji, na sponji likishakauka halinywi tena vizuri. Jipya nalo usilikandamize kwenye ndoo. Liweke juu ya maji lizame lenyewe, ndani ya dakika moja au mbili. Ukilisukuma, nje litalowa na katikati litabaki kavu, na maua ya katikati ndiyo yatakayonyauka kwanza, ibada ikiendelea.