Kabla Hujanunua Mbao Mpya, Fungua Kwanza Kabati Kuukuu

Jumamosi iliyopita bodaboda alisimama mlangoni kwangu hapa Mwanga, Kigoma, na mzigo umefungwa nyuma kwa mpira, umefunikwa gunia. "Mama, kuna mzigo wako." Nikafunua. Kichwa cha cherehani, Singer nyeusi ya zamani, yale maua yake ya dhahabu yamefutika nusu. Hakina meza, hakina mkanda, na hakikuja na ujumbe wowote. Nikauliza kimetoka kwa nani. Aliponitajia shemeji yangu, mume wa dada, nilicheka mpaka yule kijana akadhani ndiyo njia yangu ya kukwepa kulipa nauli.

Ili ujue nilichokuwa nacheka, lazima nikupeleke miaka sita nyuma, kwenye kigoda.

Nilikuwa nimehamia nyumba yangu mwenyewe, vyumba viwili na sebule, sakafu bado inanukia saruji. Pesa ilikuwa imekwisha. Fundi niliyempa malipo ya awali ya meza na viti aliniambia "kesho" kwa miezi miwili, halafu simu ikawa haipatikani. Hasira zikanituma dukani. Nikanunua mbao laini, msumeno, nyundo na kilo ya misumari ya inchi nne, nikasema viti vyangu nitavitengeneza mwenyewe, kwani mbao zina uchawi gani? Kwa siku moja nikapata kigoda. Nikakipaka rangi ya mafuta nyekundu. Nilikipenda kile kigoda kama mtoto.

Siku ya kuzindua nyumba watu walijaa. Migebuka ya kukaanga, ugali wa muhogo, soda. Shemeji, ambaye si mtu mwembamba, akapewa kigoda kwa heshima. Alikaa labda dakika mbili. Miguu ikatawanyika pande nne kama ya ndama aliyezaliwa leo, sahani ikaruka, mchuzi wote kifuani. Hakuna aliyecheka mpaka yeye mwenyewe, akiwa bado sakafuni, aliposema: "Shemeji, hiki ulikitengeneza au ulikishona?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Na mimi nilicheka. Lakini ile kauli aliirudia kwenye kila mkusanyiko kwa miaka miwili. Harusini. Kipaimara. Matangani kwa shangazi yetu, jamani, watu wamekaa kwenye mikeka wanalia, yeye anamwambia mgeni kwamba hapa hatukai kwenye vigoda kwa sababu vinashonwa. Nasimulia kwa utulivu sasa, ila kuna usiku nililala nikiwaza majibu ambayo ningempa.

Msumeno niliusukuma chini ya kitanda. Hiyo miaka miwili haina la kusimulia. Nilinunua viti vya plastiki kama watu wengine.

Kilichonitoa huko ni kabati. Mtumishi mmoja alihamishiwa Dodoma, akawa anauza vitu vyake barazani, kule Katubuka. Ukikaa Kigoma unajua utaratibu huu: barua ya uhamisho ikitoka, kusafirisha fanicha kwa treni au lori ni gharama kuliko fanicha yenyewe, basi kila kitu kinauzwa ndani ya siku tatu. Watu waligombania friji na televisheni. Kabati liliachwa pembeni, limepakwa rangi ya kijani kibichi nene kama uji, mlango mmoja umening'inia. Hata sikulifuata. Nilivuta droo yake ili niweke pochi nihesabu pesa ya sufuria.

Ndani ya droo hakukuwa na rangi. Mbao ilikuwa ya kahawia inayoelekea wekundu, na pale ubavu wa droo ulipokutana na uso wake mbao zilikuwa zimechongwa zikaumana kama vidole vya mikono miwili. Hapakuwa na msumari hata mmoja. Niliivuta, nikaisukuma, nikaibeba yote nikaitikisa. Haikulia. Droo ambayo huenda imevutwa kila siku kwa miaka thelathini, na kigoda changu hakikumaliza sahani moja ya ugali.

Walitaka laki moja na ishirini, nikalichukua kwa elfu themanini na tano. Mwenye guta alinicheka njia nzima.

Jirani yangu ni mzee aliyeunda mitumbwi Ujiji tangu ujanani. Alipoona guta akaja na fimbo yake. Nikaamkia, akaitikia bila kuniangalia, macho kwenye kabati. Akasema: "Mwanangu, lilaze chali." Hakugusa milango wala rangi. Alitazama chini, kwenye miguu, kwa muda ambao mimi ningekuwa nimeshapika chai. Akaniambia kwamba mtumbwi haununuliwi kwa kutazama ubavu uliopakwa rangi. Unapinduliwa, inatazamwa pamba iliyoshindiliwa kwenye maungio, maana maji hayaingilii kwenye rangi. Kabati ni vivyo hivyo. Unyevu na wadudu huanzia miguuni. Ukigonga kwa kifundo cha kidole ukasikia mlio wa debe tupu, wameshakula ndani. Ukiona unga laini mpya umedondoka chini ya tundu, bado wamo. Tundu kavu lisilo na unga ni kovu tu.

Miguu ya kabati langu ilikuwa na matundu mawili matatu makavu, yote kwenye ukingo mmoja mweupe. Hapo ndipo nikafundishwa mninga, mti uliotoa mbao ya kabati hilo. Moyo wa mninga, ile sehemu ya kahawia, wadudu hawaupendi, na mbao yake ikishakauka haipindipindi wala kusinyaa sana, ndiyo maana mlango wake bado unafunga baada ya masika mengi. Lakini ile sehemu changa ya nje, nyeupe inayoelekea manjano, ni chakula cha wadudu wanaotoboa mbao. Fundi mvivu huiacha. Huyu aliiacha kidogo tu, upande wa ukutani ambako mnunuzi hatazami. Kwa hiyo hata stadi alikuwa binadamu. Ugunduzi huo ulinifariji kuliko ninavyopaswa kukiri.

Halafu mzee akaanza habari za Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika. Watu wa Kigoma tumeisikia shuleni mpaka haituingii tena, lakini yeye aliisimulia kifundi. Meli iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafiri baharini mpaka Dar es Salaam, kisha kwa reli mpaka hapa, ikaunganishwa, ikashushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakazidiwa, wakaamua kuizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. "Sasa sikiliza," mzee akasema, "kabla hawajaizamisha, mafundi wake waliipaka injini grisi nzito." Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua kutoka chini ya maji. Injini zilikuwa zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini na jina jipya la Liemba. Akagonga kabati kwa fimbo. "Uliza aliyeliweka aliliwekaje."

Tangu siku hiyo, nikienda kununua kitu kilichotumika siulizi kwanza bei. Nauliza: kilikuwa kinakaa wapi? Nani alikuwa anakitumia? Kiliachwa lini, na kiliachwaje? Muuzaji mkweli anajibu haraka. Anayebabaika namwachia kitu chake.

Kazi yenyewe sitaisimulia siku kwa siku kwa sababu ilikuwa msasa, msasa, na msasa. Namba 80 kwanza, kisha 120, mwisho 220, na kila mara kufuata nyuzi za mbao. Ukikata nyuzi kwa msasa utaona mikwaruzo yako ikichekelea chini ya vanishi milele. Kwenye rangi kuukuu ongeza hadhari moja ambayo mimi niliambiwa nikiwa nimeshaanza: rangi nyingi za mafuta za zamani zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Lowesha msasa maji, funga pua kwa barakoa ya maana na si kwa ncha ya khanga, fanyia kazi nje, futa kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia. Watoto nilimpelekea dada kwa wiki nzima. Shemeji akauliza nina nini. Dada akamjibu nina wageni.

Mlango ule uliokuwa unaning'inia ndio ulionifundisha nilichokikosa kwenye kigoda. Niliufungua kwa bisibisi, na pembe moja ikaachia yenyewe: ubao mmoja ulikuwa na ulimi, mwingine una tundu, na ulimi ulikuwa umeingia tunduni kwa kina cha vidole viwili. Gundi tu ilikuwa imekufa. Nikakaa chini pale uani. Kumbe mguu wa kigoda haupigiliwi, unaingizwa. Msumari ni wa kushikilia, haubebi uzito wa mtu anayejitikisa. Nilikwangua gundi ya zamani kwa kisu mpaka mbao ikaonekana, nikapaka mpya, nikaubana kwa kamba niliyoisokota kwa kijiti usiku kucha. Asubuhi nikaukalia ule mlango. Peke yangu, bila shahidi.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema kwa dada zangu mnaoniandikia "sina mkono wa ufundi, nianzie wapi?" Msianze kwa kuunda kitu kipya. Anzeni kwa kukarabati kitu ambacho fundi mzuri aliwahi kukiunda. Ukinunua mbao mpya, utamwuliza nani ukikosea? Kitu kizuri kilichochakaa kimebeba majibu ndani yake, kazi yako ni kukifungua taratibu bila kukivunja, na kukumbuka kilivyokaa. Piga picha kwa simu kabla ya kulegeza skurubu ya kwanza. Weka skurubu kwenye kikopo. Na msasa, nimesema?

Niliharibu pia, msidhani. Vanishi ya kwanza niliipaka siku ya mvua ya Novemba kwa sababu nilikuwa na haraka, ikapauka, nyeupe kama maziwa ya mgando. Nikaikwangua yote. Ya pili niliichanganya na tina (thinner) kidogo, nikapaka nyembamba, nikasubiri ikauke hadi kesho yake, nikapitisha msasa 220 kidogo, nikarudia. Ninyi mnaopenda kazi ya siku moja, ndiyo maana mna viti vya siku moja. Naongea kwa sababu nilikuwa mmoja wenu. Binti ana sofa la mkopo sebuleni, analipa mwaka wa pili, mbao yake ni unga uliogandishwa kwa gundi, ukimwagikiwa chai unavimba kama andazi, halafu anapita mbele ya meza ya mninga kwa elfu arobaini anaziba pua ati ni mtumba! Nguo za mtumba mnavaa mpaka kanisani. Kitu cha kukalia ndiyo kinawatia aibu?

Basi, nimejisahau. Nirudi kwenye kabati.

Lilipokwisha liligharimu, pamoja na msasa, gundi, vanishi na bawaba mpya mbili, elfu mia moja na thelathini na kitu. Shemeji alikuja mwezi uliopita kumleta dada. Akaliona. Akalizunguka, akafungua mlango, akafunga, akafungua. Akavuta droo. Akaniuliza fundi wangu ni nani, kwa sababu anataka la chumbani kwao. Sikujibu. Nilikuwa na majibu ya miaka, yote nimeyakariri usiku, na hakuna hata moja lililotoka. Dada ndiye aliyesema: "Si amelishona mwenyewe."

Alikula kimya siku ile. Alikaa kwenye kiti cha plastiki.

Na sasa ametuma cherehani ya marehemu mama yake. Usukani wake ulikuwa hauzunguki kabisa. Nilipofungua bamba la chini nilikuta kitu chekundu kimeganda kama nta kwenye kila kiungo, nikanusa, nikaita jirani anuse. Mawese. Mtu alikuwa ameilainisha cherehani kwa mawese! Mafuta mengi ya kupikia yakikaa kwenye chuma yanageuka gundi. Nilidondoshea mafuta ya taa, nikaiacha usiku, nikafuta, nikadondoshea tena. Jumatatu usukani ukasogea robo. Jumanne ukazunguka. Nikatoa fundo la uzi wa zamani chini ya bobini, nikatia mafuta ya cherehani yenyewe, na sindano nikaikuta imewekwa kinyume, ubapa wake haupo unapotakiwa. Dada ananiambia wameshalipa fundi mara mbili kwa tatizo la kuruka nyuzi.

Jana niliifunga kwenye meza ya kuazima nikashona mshono mmoja mrefu kwenye kipande cha khanga. Umenyooka.

Shemeji amepiga simu mara tatu kuuliza kama inawezekana. Nimemwambia aje mwenyewe Jumapili. Nimemwandalia kigoda, kipya, cha mninga, miguu imeingizwa.