Barua mbili za udahili, na hesabu niliyoipiga kwa kuchelewa

Nilikuwa na barua mbili za udahili wa shahada ya uzamili katika uhandisi wa umeme. Moja ilitoka chuo ambacho ukikitaja tu, watu wanakuangalia upya. Hawakunipa ufadhili hata senti. Ya pili ilitoka chuo ambacho mjomba wangu aliniuliza mara mbili jina lake linaandikwaje, lakini kilinisamehe ada yote na kuniahidi posho ya kila mwezi kwa kazi ya usaidizi wa utafiti maabarani. Nikaenda kwenye jina, kwa mkopo. Ninyi mnaosubiri barua zenu msimu huu, haya ndiyo ambayo ningetamani mtu anikalishe chini anieleze.

Jina nalo tusilionee. Barua zangu za kuomba kazi zilijibiwa, na kampuni zilikuja zenyewe chuoni kutafuta watu. Ila usaili wa kwanza ulichukua saa nzima, na chuo kilitajwa wakati wa kusalimiana tu. Baada ya hapo mhandisi aliyekaa mbele yangu alinisukumia karatasi na kalamu: chora saketi ya kushusha volteji, kisha nieleze kwa nini transista inaungua mzigo ukipanda ghafla. Nadharia nilikuwa nayo ya kumwaga. Saketi yenyewe nilikuwa nimeishika mara za kuhesabika, maana programu yangu ilikuwa ya masomo ya darasani bila tasnifu, na maabara zile zilizopigwa picha kwenye vipeperushi zilikuwa za wanafunzi wa uzamivu. Hakuna aliyenidanganya. Sikuuliza.

Sasa deni. Mkopo wa dola 40,000 kwa riba ya asilimia 8, ukiulipa kwa miaka 10, unakukata kama dola 485 kila mwezi, na hadi unamaliza umetoa zaidi ya dola 58,000. Wengi wanaishia hapo na kusema mshahara wa mhandisi utaimudu. Huenda kweli utaimudu. Kinachosahaulika ni kwamba deni linakuchagulia kazi. Nilipohitimu nilipata nafasi mbili: kampuni changa iliyokuwa ikibuni chaja za magari ya umeme, kazi niliyoiota tangu mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, kwa mshahara mdogo; na kampuni kubwa iliyotaka mtu wa kujaza fomu za ukaguzi wa vifaa, kwa mshahara mnono. Rejesho la kwanza lilikuwa miezi 6 mbele yangu. Nilijaza fomu miaka minne.

Kwa hiyo mkipiga hesabu, msiishie kwenye ada. Uzamili wa Uingereza mara nyingi ni mwaka mmoja, wa Ujerumani au Marekani mara nyingi ni kama miwili, na ule mwaka wa ziada una kodi ya nyumba, bima ya afya, na mshahara ambao ungeupata kama ungekuwa kazini. Upande wa pili wa mizani weka muda wa kuruhusiwa kufanya kazi baada ya masomo. Marekani, mhitimu mgeni anaruhusiwa miezi 12, na fani za sayansi na uhandisi zinaweza kuongezewa 24. Nyongeza hiyo hutegemea msimbo ambao programu imesajiliwa nao, si neno "uhandisi" kuonekana kwenye jina lake. Ulizeni msimbo kabla ya kulipa.

Kuhusu zile orodha za ubora wa vyuo: someni zinapima nini. Katika orodha ya QS, asilimia 30 ya alama ni maoni ya wanataaluma kuhusu vyuo, na asilimia 15 nyingine ni maoni ya waajiri. Yaani karibu nusu ya cheo ni sifa inayozaa sifa. Orodha kuu ya Shanghai inatoa asilimia 30 kwa tuzo za Nobel na medali za Fields (tuzo za hisabati) walizopata wahitimu na wahadhiri. Nobel ya uhandisi haipo! Profesa wa fizikia aliyetuzwa kabla hujazaliwa anakipandisha chuo, lakini hatakufundisha kutumia osiloskopu, kile kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme.

Wala msidhani jina na bei huzaliwa pacha. ETH Zürich, chuo cha Uswisi ambacho hakuna mhandisi anayekibeza, kwa miaka kilitoza faranga 730 tu kwa muhula. Tangu vuli ya 2025 wanafunzi wapya kutoka nje wanatozwa mara tatu yake, na bado ni ndogo kuliko vyuo vingi visivyojulikana vinavyodai makumi ya maelfu. (Zürich itakumaliza kwa gharama za maisha, hilo lijue mapema.) Georgia Tech, chuo cha Marekani, nao walianza mwaka 2014 uzamili wa sayansi ya kompyuta kwa njia ya mtandao, shahada nzima kwa chini ya dola 10,000. Kwa mtu wa programu za kompyuta ambaye tayari ana kazi, huo ni mpango wa maana. Kwa mtu wa mitambo au umeme anayehitaji kushika vitu, hautoshi.

Jambo ambalo ningelipa uzito kuliko yote ni msimamizi wa utafiti wako. Chuo ni jengo. Utakayeonana naye kila wiki kwa miaka miwili ni mtu mmoja na maabara yake. Waandikieni wanafunzi wake, si yeye. Muulizeni mmoja: wanafunzi watatu wa mwisho waliomaliza kwake wako wapi sasa? Mnaonana naye mara ngapi kwa mwezi? Mwanafunzi wa uzamili anaruhusiwa kugusa mashine, au anaandika ripoti za wenzake? Ufadhili wa mwaka wa pili umeandikwa kwenye barua, au ni "tutaona"? Mwanafunzi mwenye raha atakujibu kurasa mbili. Asiye na raha atakujibu mistari miwili ya heshima, na hiyo nayo ni taarifa.

Kuna wakati jina linastahili pesa. Ukitaka kuwa mhadhiri, alikosomea mtu na aliyemwandikia barua ya mapendekezo vina uzito mkubwa. Kampuni za ushauri wa biashara nazo huajiri kwa kuangalia chuo. Na tofauti ya gharama ikiwa ndogo kiasi cha kulipika ndani ya mwaka mmoja wa kazi, chukua jina, usijitese. Ila uzamivu wa uhandisi Marekani usio na ufadhili mimi nauona kama barua ya kukataliwa iliyoandikwa kwa adabu. Vyuo vya utafiti huko kwa kawaida hulipa wanafunzi wao wa uzamivu.

Msiharakishwe pia. Vyuo vingi vya Marekani vimetia saini makubaliano kwamba mwombaji aliyepewa ufadhili halazimiki kujibu kabla ya Aprili 15. Tumieni siku hizo kuandika kwa chuo kile cha gharama, kwa heshima, kwamba mna ofa nyingine yenye ufadhili, na kuuliza kama kuna nafasi yoyote ya usaidizi wa kufundisha. Mara nyingi jibu ni hapana. Rafiki yangu aliuliza akapata nusu ya ada. Mimi niliona aibu.

Na mkishaamua, mwandikieni siku hiyohiyo yule mnayemkataa. Mimi nilikawia wiki tatu kumjibu yule profesa wa posho. Alinijibu kwa mstari mmoja, kwamba kulikuwa na mtu kwenye orodha ya kusubiri, na wakati huo mtu huyo alikuwa ameshakwenda kwingine.