Re: Kiwanja karibu na marudio (mchanga uliobaki baada ya kuchenjua dhahabu) ya zamani Nzega, maji yakituama yanakuwa meupe, nilime mchicha?

Mkuu, maji kuwa meupe, yani angavu, isikudanganye, na kuchemsha hakutoi madini ya sumu kama risasi (lead) wala zebaki, hilo liondoe kichwani kabisa. Kinachobeba sumu hapo kwa sehemu kubwa ni ule udongo wa mfinyanzi wenyewe, chembe zake hazifiki hata milimita 0.002 na usoni zina chaji hasi, sasa madini ya sumu kama risasi na kadimiamu (cadmium) yakiyeyuka yana chaji chanya, yananasa kama chuma kwenye sumaku, halafu mvua za masika zikipiga lile rundo la marudio zinasomba chembe hizo hadi bondeni ambako maji yanapunguza kasi na tope linatulia. Yani hapo kiwanjani maji yanapotuama ndo stoo ya sumu yenyewe. Udongo mweusi wa mbuga unashika zaidi kuliko ule mwekundu wa mlimani, ila haushiki milele, mawe yenye salfaidi (madini yenye salfa) yakikutana na hewa na maji yanatoa asidi na hapo madini yanaachia yanarudi kwenye maji. Chokaa inapunguza hiyo asidi, haiondoi sumu.

Mchicha hapana kwa sasa, unavuta kadimiamu na majani yanashika tope. Chukua sampuli za tope na maji, kila moja chombo chake, peleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali wapime. Na shemeji kama ni mjamzito na anapenda kula udongo, asiuchimbe hapo jamani!!