Sindano ya Hemofilia Tulipewa Bure, Bili Ikatufuata

Mwanangu ana hemofilia A iliyo kali, maana yake damu yake karibu haina faktari VIII, protini inayosaidia damu kuganda. Alipohamishiwa kwenye emicizumab, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 na ambayo huchomwa chini ya ngozi badala ya mshipani, nilijua tumeshapumua, kwa kuwa dawa yenyewe ilitufikia kwa msaada wa Shirikisho la Hemofilia Duniani. Siku ya kwanza dirisha la malipo lilinirudisha kwenye benchi na karatasi yenye mistari sita: faili, kumwona daktari bingwa, vipimo, bomba la sindano, huduma ya muuguzi na kitanda cha kupumzikia. Dawa haikuwemo, na bado fedha niliyobeba haikutosha.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza, omba mchanganuo wa gharama ulioandikwa, kisha uupeleke ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyohiyo. Mimi nilikwenda huko bili ikiwa imeshapanda, nikaulizwa, kwa upole lakini kwa haki, nilikuwa wapi siku zote.

Jambo lililotuokolea fedha nyingi zaidi ni ratiba. Wiki nne za mwanzo mgonjwa huchomwa miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wake, kila wiki. Baada ya hapo daktari anaweza kuchagua 1.5 kila wiki, 3 kila wiki mbili, au 6 kila wiki nne. Mwanangu alikuwa na kilo 25. Kwa ratiba ya kila wiki angehitaji miligramu 37.5, kiasi kisicholingana na chupa yoyote, na kinachobaki kwenye chupa iliyofunguliwa humwagwa. Kwa ratiba ya wiki nne alihitaji 150, ambayo ni chupa moja kamili, na safari ya basi kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ikawa moja badala ya nne. Mweleze daktari nauli na mahali mnapolala. Yeye hupanga kwa kuangalia kilo, na mfuko wako hauoni.

Baadaye muuguzi alinifundisha kuchoma, nikawa narudi na chupa ndani ya kontena lenye barafu, kwa sababu dawa hii hutunzwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Barafu isiguse chupa, ikiganda, imeharibika. Mimi huizungushia kanga.

Kuna fedha nyingine tuliyoitupa, na hiyo bado inaniuma. Mtoto alianguka shuleni, tukakimbilia hospitali ya jirani, wakampima aPTT, kipimo cha muda wa damu kuganda. Majibu yakawa mazuri mno, wakarudia wakidhani mashine imekosea, nami nikalipa mara mbili. Emicizumab hukifanya kipimo hicho kisome kawaida hata kama mgonjwa bado yuko hatarini, na hali hiyo huweza kuendelea hadi miezi sita baada ya dozi ya mwisho. Sasa mtoto anatembea na barua ya daktari wake, imewekewa plastiki, inayotaja dawa, tarehe ya dozi ya mwisho, na kwamba aPTT isipimwe. Ipo mfuko wa mbele wa begi la shule, na mwalimu wake wa darasa ana nakala.