Maswali ya Wasomaji: Nitayapata Wapi Maandishi ya Biokemia ya Sato?

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili hapa Mwanza, na ninachunguza vimeng'enya vya ini vinavyomwezesha sato kuhimili maji machafu ya Ghuba ya Mwanza. Nikitafuta mtandaoni kwa neno “tilapia” ninapata maelfu ya makala za ufugaji, na zile chache zinazonihusu zinadai malipo nisiyoyamudu. Maktabani nako vitabu vya biokemia vimetawanyika, hata sijui nianzie rafu ipi. (Msomaji, Nyegezi)

Jibu: Ndugu msomaji, nianze na rafu, kwa kuwa jambo hilo huwakatisha tamaa wengi ilhali lina sababu yake. Katika mpangilio wa Dewey, biokemia ilikuwa chini ya namba 574.192 hadi toleo la 21 la mwaka 1996 lilipoihamishia 572, wakati biokemia ya mwili wa binadamu iko 612.015. Maktaba ambayo haikubandika namba mpya kwenye vitabu vyake vya zamani itakuwa na somo lako mahali patatu, nawe huna budi kupapitia pote. Katika maktaba za tiba zinazofuata mpangilio wa Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, tazama herufi QU.

Vitabu vitakupa misingi tu. Utafiti wenyewe umo katika majarida, na huko jina la samaki ndilo ufunguo. “Tilapia” ni neno pana mno. Sato ni *Oreochromis niloticus*, lakini makala za zamani humwita *Tilapia nilotica* au *Sarotherodon niloticus*. Ingia PubMed, hifadhidata ya mtandaoni ya makala za tiba na baiolojia ambayo haina malipo, uandike majina yote matatu ndani ya mabano ukiyaunganisha kwa OR, kisha uongeze AND na CYP1A. Hiyo ni jeni ya kimeng'enya cha jamii ya saitokromu P450 (vimeng'enya vinavyousaidia mwili kuvunja kemikali ngeni), ambayo utendaji wake hupanda samaki anapokutana na baadhi ya vichafuzi vitokanavyo na mafuta na uchomaji, na kwa maoni yangu ndiyo mlango mzuri kuliko yote wa kuingilia mada yako. Kumbuka pia kwamba sato aliletwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, ilhali ngege, *Oreochromis esculentus*, ni mwenyeji wa ziwa hili; matokeo yaliyopatikana kwa mmoja usiyahamishie kwa mwingine bila ushahidi.

Kuhusu malipo, nakusihi usitoe hata shilingi kabla ya kujaribu njia zifuatazo. Angalia kwanza PubMed Central, ambayo tangu mwaka 2000 inahifadhi makala kamili zinazosomwa bure. Ukikosa, nenda kwa mkutubi wa chuo chako umuulize kuhusu Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zinazoendelea majarida bure au kwa bei nafuu, ambao ndani yake mna Hinari ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza mwaka 2002, na AGORA ya Shirika la Chakula na Kilimo, iliyoanza mwaka 2003. Mada yako inagusa zote mbili, kwa hiyo usiridhike na moja. Nywila hutolewa kwa taasisi, si kwa mtu mmoja mmoja, na ndiyo maana mwanafunzi anayetafuta peke yake chumbani huona malipo kila anapobofya. Njia ya mwisho ni kumwandikia barua pepe mwandishi wa makala, ambaye anwani yake huwekwa kwenye ukurasa wa kwanza. Wengi hufurahi kutuma nakala.

Sasa niseme lile ambalo hukuuliza. Katika baiolojia ya molekuli, sehemu kubwa ya maarifa haimo katika makala bali katika hifadhidata. GenBank, hifadhidata ya Marekani ya mifuatano ya DNA iliyoanzishwa mwaka 1982, hubadilishana data kila siku na hifadhidata za Ulaya na Japani, hivyo ukiitafuta hiyo moja umezitafuta zote tatu. Jenomu ya sato, yaani DNA yake yote, ilichapishwa mwaka 2014 katika jarida la Nature pamoja na za samaki wengine wanne wa Afrika, mmoja wao akiwa *Pundamilia nyererei*, furu wa ziwa letu aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere. Kwa protini tumia UniProt, lakini tofautisha sehemu ya Swiss-Prot, iliyokaguliwa na wataalamu, na ile ya TrEMBL, iliyojazwa na kompyuta. Wengi huzichanganya, na kosa hilo hugharimu miezi ya kazi maabara.

Makala nzuri hutaja namba ya usajili ya kila mfuatano wa DNA uliotumika. Inakili kamili katika daftari lako, pamoja na nukta na tarakimu ya toleo inayofuata, kwa sababu mfuatano ukirekebishwa tarakimu hiyo hubadilika, na msimamizi wako atataka kujua ulitumia upi.